Nyasi Juu ya Barabara

Jijini Kampala kuna mahali panapoitwa Arua Park. Anayelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani atakuta miti, mabenchi na watoto wakicheza. Atakuta mabasi. Hapo ndipo watu wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, hupanda gari la usiku kurudi Arua, Koboko na Yumbe, na hapo ndipo wafanyabiashara wa Sudan Kusini hufungasha marobota yao kabla ya safari ya kaskazini. Nyasi hakuna hata za kufunika unyayo. Katika usemi wa Uganda, neno “park”, ambalo Waingereza walilileta kwa maana ya bustani ya watu, limekwisha kuwa jina la mahali pa magari, na hakuna anayeshangaa.

Wakati huohuo, miji kadhaa ya Marekani na Ulaya inatoa fedha za kutisha ili kulirudisha neno hilo lilikotoka. Inayashusha magari chini ya ardhi, au inayafunika pale yanapopita ndani ya mfereji mkubwa uliochimbwa zamani, kisha juu yake inapanda miti. Jambo hilo linaonekana liko mbali sana na Koboko. Lakini mtu aliyesimama kando ya lami ya Koboko saa moja asubuhi, akingoja lori lipite ili watoto wavuke kwenda shule, ana kila sababu ya kutaka kujua miji hiyo inajutia nini.

Seattle ilitangulia. Katika miaka ya 1960, barabara kuu namba 5 ilichimbwa katikati ya jiji hilo la pwani ya magharibi ya Marekani, ikawatenga wakazi wa mtaa wa kilimani, First Hill, na maduka na ofisi za mjini. Kwenda ng'ambo kukawa safari ya kupita juu ya kelele na moshi. Tarehe 4 Julai 1976 ikafunguliwa bustani juu ya barabara hiyo, Freeway Park, kazi ya ofisi ya mbunifu Lawrence Halprin. Ilijengwa kwa masanduku makubwa ya zege yaliyopandwa miti, pamoja na maporomoko ya maji ambayo mngurumo wake ulikusudiwa kuumeza mngurumo wa magari yaliyo chini.

Wengine wakafuata polepole. Dallas, katika jimbo la Texas, ilifungua Klyde Warren Park mwezi Oktoba 2012 juu ya barabara ya Woodall Rodgers. Ni kama hekta 2 tu, na iligharimu takriban dola milioni 110, sehemu yake ikitoka kwa serikali na sehemu kwa wafadhili binafsi. Kwa fedha hizo, eneo la makumbusho na majumba ya sanaa likaunganishwa tena na mtaa wa Uptown, na watu wakaanza kutembea mahali ambapo kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kutia mguu.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye uzito. Bustani ya namna hii ni daraja pana lililobebeshwa shamba. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa hukaribia tani 2, na mti mkubwa hauridhiki na udongo wa kiganja. Dallas waliweka zaidi ya mihimili 300 ya zege, wakaacha nafasi kati ya makundi ya mihimili ili mizizi iteremke humo, na pasipohitaji mizizi mirefu wakajaza vipande vya povu jepesi la plastiki mahali pa udongo. Huko chini kazi nyingine inaendelea saa 24: feni za kuvuta moshi, taa ambazo hazizimwi mchana wala usiku, mabomba ya kuzimia moto, pampu za kutoa maji ya mvua. Siku umeme ukikatika, kinachobaki chini ya nyasi ni pango lenye magari.

Boston ilikwenda mbali kuliko wote, na bei yake ingali inatajwa kwa mshangao. Mwaka 1959 jiji hilo lilifungua barabara ya juu ya chuma iliyokata katikati ya mji. Maelfu ya watu walikuwa wamehamishwa ili ipite, na mtaa wa North End ukatengwa na jirani zake. Miaka zaidi ya 40 baadaye barabara hiyo ilibomolewa, magari yakazamishwa ndani ya mahandaki, na mwaka 2008 ukanda wa bustani wa kilomita 2.4, Rose Kennedy Greenway, ukazinduliwa juu yake. Mradi mzima uligharimu karibu dola bilioni 15, mara kadhaa ya makadirio ya kwanza. Mwezi Julai 2006 vipande vya dari ya zege katika mojawapo ya mahandaki hayo vilianguka juu ya gari na kumuua mwanamke aliyekuwa ndani. Anayetembea leo katika bustani ile anaona maua na chemchemi; gharama hizo nyingine hazionekani kwa macho.

Madrid nayo iliizika sehemu ya barabara ya mzunguko ya M-30 inayopita kando ya mto Manzanares, na kufikia 2011 kingo za mto zilikuwa zimegeuka bustani ya kilomita kadhaa. Watu wa Madrid wanaipenda sana. Deni la jiji nalo lilipanda likawa miongoni mwa makubwa kabisa nchini Hispania.

Habari inayomgusa zaidi msomaji wa Afrika Mashariki iko Minnesota. Katika mji wa St. Paul palikuwa na mtaa wa Wamarekani Weusi ulioitwa Rondo, wenye makanisa, vinyozi, maduka na nyumba za wafanyakazi wa reli. Kati ya 1956 na 1968, barabara kuu namba 94 ilipitishwa katikati yake, na zaidi ya familia 600 zikapoteza makao. Wapangaji wa wakati ule walikuwa na njia nyingine mezani, iliyofuata reli upande wa kaskazini. Walichagua Rondo. Leo chama cha ReConnect Rondo kinadai kujengwa ardhi juu ya barabara hiyo, si kwa ajili ya nyasi peke yake, bali pia nyumba na maduka ya kurudisha kile kilichochukuliwa, na mwaka 2023 serikali kuu ya Marekani ilikipa dola milioni 2 za kupanga mradi. Mwendo wa gari wa dakika chache kutoka hapo, mjini Minneapolis, kuna Cedar-Riverside, mtaa wenye minara ya Riverside Plaza, unaokaliwa na Wasomali na Waoromo wengi, wakiwemo waliopitia kambi za Dadaab na Kakuma na kujifunza Kiswahili huko. Mtaa huo umebanwa na mto Mississippi na barabara kuu mbili. Mama anayetoka huko kwenda dukani anajua mwenyewe jinsi barabara inavyoweza kugeuka ukuta.

Ndipo lilipo swali ambalo wachoraji wa bustani hizi hawalipendi. Nyasi zikishaota, nani anakaa kando yake? Huko Dallas na Boston, thamani ya ardhi inayoikabili bustani imepaa. Aliyevumilia moshi kwa miaka 30 akiwa mpangaji hana uhakika wa kuuona mti ukikua. Watu wa Rondo wanalijua hilo, ndiyo maana wanazungumzia umiliki wa ardhi kabla ya kuzungumzia maua.

Afrika Mashariki haina hata bustani moja kubwa ya namna hii juu ya barabara kuu. Ina vita vya kuzuia majengo na barabara visile bustani zilizopo, na vita hivyo vina historia ndefu. Uhuru Park ya Nairobi ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Miaka 20 baadaye, Wangari Maathai aliposikia kwamba jengo la ghorofa 60 la shirika la magazeti la chama tawala lingesimamishwa humo, aliandika barua, akapeleka kesi mahakamani, akatukanwa bungeni, na hatimaye wafadhili wakajitoa na mradi ukafa. Mwaka 2019 ikaja zamu ya barabara. Mipango ya kwanza ya Nairobi Expressway, njia ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilionyesha kipande cha bustani kikimegwa. Wananchi walipiga kelele tena, na serikali ikasema njia ingepita bila kuigusa.

Barabara hiyo ilianza kutumika Mei 2022, ikisimama juu ya nguzo kwa sehemu kubwa ya mjini. Walio juu wanafika uwanja wa ndege kwa dakika chache. Walio chini wanatembea kwenye kivuli cha zege. Lakini kuna kisa kimoja cha ujenzi huo kinachostahili kukumbukwa West Nile. Kando ya Waiyaki Way, Westlands, kulikuwa na mti wa mugumo wa miaka karibu 100, mkubwa kama jengo la ghorofa nne, uliotakiwa kuondolewa. Novemba 2020, baada ya wanamazingira na majirani kuutetea, rais Uhuru Kenyatta aliamuru uachwe, na mchoro wa barabara ukarekebishwa ili kuupisha. Mti haukuhitaji handaki wala mabilioni. Ulihitaji kalamu kusogea mita chache.

Dar es Salaam imechagua njia ya tatu. Bonde la Msimbazi, pale Jangwani, hufurika karibu kila msimu wa masika, na barabara ya mabasi ya mwendokasi hufungwa maji yakijaa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde hilo, pamoja na daraja jipya refu litakaloinua barabara juu ya mafuriko. Mpango ni kwamba sehemu ya bonde igeuzwe bustani ya jiji, mahali ambapo mto utaruhusiwa kufurika bila kuua mtu. Huko magari yanapandishwa, na watu na maji wanaachiwa chini. Kwa miji ya mvua nzito, wazo hilo lina akili kuliko la kuchimba mfereji wa magari na kuupigia pampu.

Sasa turudi Koboko.

Barabara ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba ina urefu wa kilomita 92, kutoka mpaka wa Kongo hadi mpaka wa Sudan Kusini. Ilitiwa lami katika muongo uliopita kwa fedha za Benki ya Dunia, na hakuna mtu wa Koboko anayetamani vumbi lirudi. Mgonjwa anafika hospitali ya Arua akiwa hai. Ufuta na muhogo vinauzwa kabla havijaharibika. Maduka yameongezeka kila upande. Lakini lami hiyohiyo inapita katikati ya mji, na malori ya kwenda Oraba na kuvuka Kaya kuelekea Yei hayapunguzi mwendo kwa hiari. Soko liko upande huu, shule upande ule. Matuta yanasaidia pale yalipo. Kando ya lami, ambapo palipaswa kuwa na njia ya miguu, boda boda zinangoja abiria, mama wauza nyanya wametandika magunia, na mtembeaji anashuka barabarani. Bustani, kwa maana ile ya zamani, hakuna anayeitaja kwenye mikutano ya mji.

Handaki halifai Koboko, na sababu hazihitaji mtaalamu. West Nile hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, na nyingi humwagika kwa vishindo. Barabara iliyozamishwa ingekuwa mto. Umeme nao una historia yake. Kwa miaka mingi mkoa ulikaa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea kampuni ya WENRECO, jenereta za dizeli na bwawa dogo la Nyagak. Feni za handaki hazingoji zamu ya umeme. Zaidi ya hayo, mji ambao bado unatafuta fedha za mifereji ya mitaani hauna dola milioni 110 za kununulia hekta 2.

Kinachofaa kuchukuliwa kutoka Seattle na Rondo ni jambo lililo chini ya zege: kwamba barabara ikishautenga mji, kuuunganisha huchukua miaka 50 na fedha za wajukuu. Koboko na Arua zina bahati ambayo miji hiyo ilikuwa nayo mwaka 1950 na ikaiachia. Barabara zao bado zinachorwa.

Inayofuata inajulikana. Barabara ya Koboko–Yumbe–Moyo, kilomita 105 hivi, inatengenezwa kwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia, ikipita katika wilaya ya Yumbe yenye makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, yaliyofunguliwa Agosti 2016 na kukua hadi kuwa miongoni mwa makubwa duniani. Ndani ya Bidi Bidi kuna mfano mzuri wa mahali pa umma: kituo cha sanaa kilichokamilika 2023, kuta zake zikiwa za matofali ya udongo ulioshindiliwa hapohapo, na paa lake likiwa na umbo la faneli linalokusanya maji ya mvua. Vijana wanapiga ngoma ndani, na mvua ikinyesha maji yanakusanywa. Kama makazi ya wakimbizi yameweza kupata mahali pa namna hiyo, mji wenye baraza na mpangomji hauna sababu ya kushindwa kutenga kiwanja kimoja kila upande wa lami.

Arua, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, inacho tayari. Uwanja wake wa gofu uko katikati ya mji, kijani kitupu mahali ambapo ardhi sasa inapimwa kwa futi. Mpango wa USMID wa miundombinu ya miji, ulioanza 2013 kwa fedha za Benki ya Dunia, uliwapa wakazi wa Arua barabara za mjini zenye njia za miguu na taa, na mtu anaweza kutembea jioni bila kuhofia mtaro. Huo ni mwanzo wa heshima. Hatari iko kwenye hadhi yenyewe: jiji huvutia wawekezaji, na wawekezaji huona nyasi kama kiwanja ambacho hakijajengwa. Kampala inatosha kuwa onyo. Centenary Park, iliyotengwa kuadhimisha miaka 100 ya mji huo, ilijazwa baa na mikahawa. Bustani ya Constitution Square, katikati kabisa ya jiji, ilikaa miaka mingi ikilindwa na polisi, raia wakiitazama kwa nje. Kilichopotea Kampala kwa mikataba na amri kinaweza kupotea Arua kwa saini moja, na hakuna mhandisi wa Dallas atakayekuja kukirudisha.

Yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wa mji mdogo. Hifadhi ya barabara, ule ukanda wa kando ambao sheria inaukataza ujengwe, unaweza kupandwa miti ya kivuli mkandarasi akiwa bado na matrekta yake kazini, na gharama ya miche ikaandikwa ndani ya mkataba kama inavyoandikwa kokoto. Kivuko kinaweza kuinuliwa kufikia kimo cha njia ya miguu, ili gari ndilo lipande na kushuka, mtoto apite tambarare. Malori ya masafa marefu yanaweza kupewa njia ya kuuzunguka mji kabla nyumba hazijaziba nafasi hiyo. Na wauza nyanya wapewe mahali pao, maana wakifukuzwa bila mahali watarudi kesho yake.

Watu wa eneo hili wana ujuzi wa zamani kuhusu mistari inayogawa. West Nile yenyewe ilihamishwa kutoka Sudan hadi Uganda mwaka 1914, kwa uamuzi wa watu waliokuwa mbali. Wakakwa walijikuta katika nchi tatu. Mahali nchi hizo zinapokutana, karibu na Koboko, panaitwa Salia Musala, jina la Kikakwa linalomaanisha mafiga matatu. Mistari ilichorwa, lakini chungu kiliendelea kukaa juu ya mafiga yote.

Ndiyo maana Lobule inastahili kutazamwa katika habari hii, ingawa haina lami wala malori. Makazi hayo, katika kata ya Lobule wilayani Koboko, yalifunguliwa mwaka 2013 kwa wakimbizi kutoka kaskazini mashariki mwa Kongo, na wengi waliofika waliikuta lugha yao ikizungumzwa na wenyeji. Mkimbizi na mwenyeji wanachota maji kwenye kisima kimoja, watoto wao wanakaa dawati moja. Mikutano ya kijiji hufanyika chini ya mti, kwa sababu mti ndio ukumbi ulio wazi kwa kila mtu, na hakuna anayeulizwa kitambulisho ili apate kivuli.

Njia za miguu za Lobule ni za udongo mwekundu. Zinatoka nyumba hadi kisima, kisima hadi shamba, shamba hadi sokoni, na hakuna aliyezipima kwa kamba. Zinapokutana na mwembe mkubwa zinapinda, kisha zinarudi kwenye mwelekeo wake, na upande ule wa kivuli udongo umelainika na kung'aa kwa sababu ya watu wengi wanaokaa hapo kupumzika kabla hawajaendelea na safari.